Namna ya kutuma SMS ikafika, ikasomwa na ikaeleweka: mwongozo wa katibu wa likirimba, Goma

"Mama katibu, SMS yako mimi sikuipata." Kwa miaka sita niliyoshika daftari la likirimba yetu (kikundi cha wamama cha kuchangiana pesa), maneno hayo nimeyasikia kuliko salamu. Mwanzoni nilidhani ni visingizio vya watu wasiotaka kutoa mchango. Kisha Jumamosi moja jioni niliwatumia wenzangu wote 31 ujumbe huu: "Mkutano ni kesho saa nne, msikose." Usiku ule mtandao ulikuwa umelala upande wa Ndosho na Mugunga. Wamama sita waliupata Jumapili mchana, wakasoma "kesho", wakaja Jumatatu. Walikuta mlango umefungwa. Mmoja alikuwa amelipa motari (dereva wa pikipiki) kutoka Mugunga, mtoto mgongoni, mchango wa miezi miwili umefungwa kwenye pindo la kitenge. Hakunigombeza. Alinionyesha tu simu yake, kidole juu ya neno "kesho", akanyamaza.

Tangu siku ile naiona SMS kama kifurushi unachompa mwenye boti pale bandarini akipeleke Bukavu. Atakifikisha, na mara nyingi kitafika leo leo, lakini saa ya kufika ni yake, si yako. Basi andika ujumbe ambao hata ukichelewa siku mbili hautampotosha mtu. Hatua zote zinazofuata zinatoka hapo.

Mtu ataniuliza: kwa nini SMS, na WhatsApp ipo? Kwa sababu si kila mtu anayo. Katika kundi letu wamama 13 wana simu ndogo ya tochi, na wale wengine 18 mega zao (data ya intaneti) hazidumu hadi mwisho wa wiki. SMS haiombi mega wala simu ya bei kubwa. Picha na sauti zipeleke WhatsApp. Tarehe, mahali na onyo vipeleke kwa SMS.

Kwanza ujue kinachotokea ukibonyeza "tuma"

Ujumbe wako hauruki kutoka simu yako hadi simu ya mwenzako. Unaenda kwanza kwenye kituo cha ujumbe cha kampuni yako ya simu na kuhifadhiwa hapo. Kituo kinamtafuta mwenzako. Kama simu yake imezimwa, au yuko mahali pasipo na mtandao, kituo kinaushika ujumbe na kujaribu tena baadaye. Akiwasha simu, mtandao unamtambua na kukiarifu kituo: huyu amerudi, mpe mzigo wake. Ndiyo maana ukifika Goma kwa boti, simu inaanza kulia mfululizo kabla hujakanyaga nchi kavu.

Kwa hiyo neno "imetumwa" kwenye simu yako lina maana moja tu: kituo kimepokea. Halisemi kwamba mwenzako amepata. Ujumbe nao hausubiri milele, una muda wake, na muda huo kampuni ndiyo inaupanga. Mtu akikaa siku nyingi simu ikiwa imezimwa, kituo kinautupa, na hakuna atakayekuja kukueleza.

Kitu kizuri ni kwamba SMS inapita katika njia zile zile ndogo ambazo mtandao unatumia kupashana habari na simu, njia za kuuliza "uko wapi, nikuletee mwito." Haichukui nafasi ya sauti. Siku ambayo mji mzima unapiga simu kwa pamoja na kila ukijaribu unasikia tu kwamba laini zina shughuli, SMS mara nyingi inapenya. Inachelewa, lakini inapenya.

Hatua ya 1: Safisha namba zako

Hifadhi kila namba ikianza na +243, si na sifuri. Kwa mtu wa Kindu labda haina haraka. Sisi wa Goma tunalala mlangoni mwa nchi nyingine. Ukivuka Petite Barrière kwenda Gisenyi na kuweka laini ya Rwanda, namba iliyoanza na 099 au 081 haitakwenda popote, kwa sababu simu inaitafuta Rwanda. Iliyoanza na +243 inakwenda ukiwa upande wowote. Namba za Rwanda zianze na +250. Kazi hiyo inachukua jioni moja na kikombe cha chai. Nilipoimaliza, malalamiko yalipungua karibu nusu.

Anayekaa karibu na mpaka, Birere kwa mfano, anajua pia kwamba simu inaweza kushika mtandao wa ng'ambo yenyewe, bila kumwomba ruhusa. Ukiona jina la kampuni juu ya kioo limebadilika, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, acha kuchagua kwa otomatiki, uchague kampuni yako kwa mkono. Kupokea SMS ukiwa umeshikwa na mtandao wa ugenini kwa kawaida hakulipiwi. Kutuma ndiko kunakokula yunite (salio la simu).

Wenye simu ya laini mbili, jueni jambo moja: kwenye simu nyingi, ukiwa unaongea kwenye laini ya kwanza, ile ya pili haipatikani. Ujumbe unaokuja huko unangoja umalize. Kwa hiyo katika daftari langu kila mtu ana namba moja yenye duara. Hiyo ndiyo namba ya SMS.

Hatua ya 2: Kagua simu yenyewe

Fungua mipangilio ya ujumbe. Simu zetu nyingi ziko kwa Kifaransa, basi tafuta maneno "accusé de réception" uyawashe. Tangu hapo, mwenzako akipokea, unapata taarifa ndogo ya kufika. Kumbuka kwamba imefika kwenye simu. Kama imesomwa, hiyo ni habari nyingine. Ukituma kwa laini ya kampuni nyingine, taarifa hiyo wakati mwingine haiji, hata kama ujumbe umefika salama.

Kama hakuna SMS hata moja inayotoka na yunite zipo, tazama "centre de messages" au "centre SMS". Ni namba ya kile kituo nilichokieleza, na kwa laini ya Kongo inaanza na +243. Ikifutika au ikikosewa tarakimu moja, unaweza kupiga simu vizuri kabisa na SMS zisitoke hata moja. Mtoto anayechezea simu ana uwezo mkubwa wa kuifuta. Mwombe mtu mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo akusomee yake, unakili. Simu kubwa nyingine zinaificha namba hiyo. Hamishia laini kwenye simu ndogo ya vitufe, rekebisha huko, kisha uirudishe.

Simu ndogo ina ugonjwa wake: inajaa. Ina nafasi ya ujumbe wenye hesabu, na matangazo ya kampuni na ya bahati nasibu ndiyo yanayoijaza. Ikijaa, ujumbe mpya unabaki mlangoni. Kila mkutano wetu unaanza na dakika tano za kufuta, na mabinti waliosoma wanazunguka wakisaidia mama zao. Ukifuta, vile vilivyokuwa vinangoja vinaanza kuingia. Koko (bibi mzee) mmoja alipokea siku hiyo salamu za Pasaka, na sisi tulikuwa tunaelekea Noeli ... hapana, nimezidisha kidogo. Zilikuwa za wiki iliyopita, lakini tulicheka kana kwamba ni za Pasaka.

Kwenye simu kubwa kuna mtego mwingine. Programu nyingi za ujumbe sasa zinajaribu kupeleka maneno yako kwa intaneti kwanza, mfano wa WhatsApp, na kwako yanaonekana kama SMS ya kawaida. Mwenzako aliyezima data anabaki bila kitu. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu inayoitwa "discussions RCS", uizime, au hakikisha umeamuru itume kama SMS pale intaneti inapokosekana. Wenye iPhone nao wana sehemu yao ya iMessage. Washeni ile ya kutuma kama SMS.

Na ukihisi kuna ujumbe unaokungoja, washa hali ya ndege, hesabu hadi kumi, uizime. Simu inajiandikisha upya kwenye mtandao, na kituo kinapata habari kwamba upo.

Hatua ya 3: Andika

Hapa nitakaa, maana ujumbe mwingi unaharibikia hapa, mikononi mwetu, kabla mtandao haujafanya kosa lolote.

Maneno "leo", "kesho", "kesho kutwa" na "sasa hivi" yafute katika SMS. Andika siku na tarehe, vyote viwili: "Jumapili 14/9". Tarehe peke yake watu hawaihesabu. Siku peke yake haisemi ni ya wiki gani. Usitegemee saa ambayo simu inaonyesha pembeni ya ujumbe, kwa sababu simu nyingine zinaonyesha saa ya kupokea, si ya kutuma.

Kisha saa. Hii ni shida yetu hasa, sisi tunaoishi na lugha mbili mdomoni. "Saa 4" kwa mama wa soko la Virunga ni saa nne asubuhi, jua likianza kuchoma. Kwa kijana wa ofisini ni "quatre heures", ya jioni ikiwa hajafikiri sana. Wote wawili wana haki. Nimeona mtu akingoja pale Rond-point Signers tangu asubuhi kwa ajili ya mwenzake aliyepanga kuja jioni. Basi andika mara mbili: saa ya Kiswahili kwa herufi na saa ya Kifaransa kwa tarakimu, "saa nne asubuhi (10h00)". Na ukiandikiana na mtu wa Kinshasa, taja ni saa ya wapi, kwa sababu sisi tuko mbele yao kwa saa moja. Lubumbashi tuko nao sawa.

Halafu ukubwa. SMS moja ina nafasi ya herufi 160, pamoja na nafasi tupu na nukta. Hesabu hiyo inatokana na Mjerumani Friedhelm Hillebrand, ambaye mwaka 1985 alikaa na mashine yake ya kuandikia, akaandika sentensi za kawaida na maswali ya kawaida, akahesabu, akaona karibu zote hazivuki hapo. Ukivuka 160, simu inakata ujumbe vipande, na kila kipande kinabeba herufi 153, kwa sababu nafasi iliyobaki inachukuliwa na alama za kuviunganisha. Unalipa kila kipande. Kipande kimoja kikichelewa, mwenzako hasomi kitu mpaka kije, au simu yake ya zamani inamwonyesha mwisho kabla ya mwanzo.

Lakini wengi hawajui kwamba 160 ni ya herufi za kawaida tu. Ukiweka alama moja ambayo haimo katika orodha ya zamani ya SMS, ujumbe mzima unabadilisha mwandiko na nafasi inashuka hadi 70. Alama moja tu! Ile picha ndogo ya mikono iliyokunjwa ya kuomba, tunayoipenda kumalizia, ni mojawapo. Nilituma siku moja ujumbe wa herufi 150 na mikono hiyo mwishoni. Ulikatika vipande vitatu. Mara watu 31, ni SMS 93 zilizotoka kwenye kifurushi changu, na mimi nilikuwa nimehesabu 31.

Kifaransa nacho kina mitego. Herufi é, è, à na ù hazina shida, zimo. Zenye kofia, â, ê, î, ô, û, hazimo. Ukiandika "dépôt" au "hôpital" na kofia yake, umejipunguzia nafasi zaidi ya nusu. Andika "depot" na "hopital". Hakuna atakayekupeleka kwa mwalimu. Na Kiswahili chetu kina mtego mmoja mdogo sana: ile alama ya "ng'ombe". Ikiwa imesimama wima, haina tatizo. Simu nyingine zinaipinda zenyewe ili ipendeze, na ikipindwa imeshatoka katika orodha. Kama unaona hesabu ya herufi pembeni imeruka ghafla kutoka 160 hadi 70, tafuta alama iliyopindwa, kofia, au kapicha.

Ufupisho uuache. Wengi katika kundi letu hawasomi wenyewe. Mjukuu ndiye anayemsomea koko kwa sauti. Mtoto wa darasa la tatu hawezi kusoma "mkt j2 sa4 kwa mm rs". Atabuni. Andika kile ambacho mtoto huyo atakisoma bila kusita, na ukumbuke vilevile kwamba mtoto huyo anasoma kila unachoandika. Deni la mtu, ugonjwa wa mtu, usiviweke humo.

Huu ndio ujumbe wetu wa sasa:

"MKUTANO LIKIRIMBA. Jumapili 14/9, saa nne asubuhi (10h00). Kwa mama rais, Katindo. Leta daftari lako. Jibu 1 nitakuja, 2 sitakuja. Katibu."

Ni herufi 138. Mama rais ni kiongozi wa kundi letu, na Katindo ni mtaa anakokaa. Jambo lenyewe liko mwanzo, kwa sababu simu ndogo inaonyesha mstari wa kwanza tu kabla hujafungua. Jina la mtumaji liko mwisho, kwa sababu nusu ya wamama hawajahifadhi namba yangu, au wameihifadhi kwa jina ambalo sitaki kulijua. Na hakuna neno "pesa" wala kiasi. Daftari linatosha, anayehusika anaelewa, na aliyeokota simu njiani haambiwi siku ambayo wamama 31 watatembea na mchango mfukoni.

Pale ambapo lazima utaje pesa, kwa mfano na mteja wa maharage, andika sarafu kila mara. Hapa kwetu dola na franka vinatembea mkono kwa mkono, na "50" inaweza kuwa chochote. "50 USD" au "50000 FC", bila nukta wala mkato katikati, kwa sababu "1.500" mmoja anaisoma elfu moja na mia tano na mwingine moja na nusu.

Hatua ya 4: Tuma

Kifurushi cha SMS, ile forfe, kinunue asubuhi ya kutuma, si siku mbili kabla, kwa sababu nyingi zinaisha baada ya saa 24. Tuma siku tatu kabla ya mkutano, halafu ukumbusho siku moja kabla. Saa bora kwangu ni kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, watu wakiwa nyumbani na simu zikiwa zimetoka kuchajiwa, kama umeme ulikuwepo.

Ukiwa na simu kubwa, angalia kabla ya kutuma kwa wengi kwa pamoja. Nyingine zikiona wapokeaji wengi zinageuza ujumbe kuwa wa kundi, ule unaoitwa MMS, na huo unahitaji data pande zote mbili. Katika mipangilio kuna mahali pa kuchagua: ujumbe wa kundi, au kila mtu apelekewe SMS yake. Chagua la pili. Mimi natuma kumi kumi, nikitia alama kwenye daftari.

Hatua ya 5: Hesabu majibu

Ujumbe usioomba jibu ni tangazo lililobandikwa ukutani. Ile 1 na 2 ndiyo roho ya utaratibu wetu. Mtu asiyejua kuandika anaweza kubonyeza 1. Hata asiye na yunite ana njia yake: anabipu mara moja, na sisi tumekubaliana kwamba kubipu ni kusema "nimepata."

Jioni ya siku ya pili nakaa na daftari. Waliojibu, alama. Wasiojibu, napiga simu, wao tu. Kabla ya utaratibu huu nilikuwa napiga simu 31. Sasa hazizidi saba. Asiyepatikana kwa simu, namtuma jirani yake. Kila jina katika daftari lina jina la jirani pembeni, na hiyo hakuna mtandao unaoweza kuizima.

Ukipata SMS ile ile mara mbili, usishtuke. Simu yako ilipokea, jibu lake la "nimepata" likapotea njiani, kituo kikatuma tena. Ndivyo ilivyo hata kwa ujumbe wa pesa: ukiona umeingiziwa mara mbili, linganisha namba ya muamala. Zikiwa sawa, ni pesa moja.

Hatua ya 6: Ukipata SMS ya pesa, usiisadiki

Tangu watu wengi waanze kuweka na kupokea pesa kwa simu, wezi nao wamehamia huko. Unapata ujumbe: umepokea 80 USD. Dakika moja baadaye mtu anapiga, sauti imejaa machozi: "Mama, nimekosea namba, ni dawa ya mtoto, nakuomba unirudishie." Mama wa huruma anarudisha. Kumbe alizotuma ni pesa zake mwenyewe.

Mtu yeyote anaweza kuandika maneno hayo na kuyatuma. Hata jina la kampuni juu ya ujumbe si ushahidi, kwa sababu jina la mtumaji linaweza kughushiwa, na simu yako italiweka pamoja na ujumbe wa kweli wa jana. Ujumbe ni habari tu. Pesa iko kwenye akaunti. Kata simu, piga ile namba yako ya nyota na reli, tazama salio kwa macho yako. Salio halijaongezeka? Hakuna pesa iliyoingia. Limeongezeka kweli? Mwambie apitie kwa kampuni yake, yeye aliyekosea. Na namba ya siri, au zile tarakimu zinazokuja kwa SMS unapofungua akaunti, hazitajwi kwa mtu yeyote, hata akijiita wakala, hata akikuita shemeji.

SMS haina kufuli kama ya WhatsApp. Kampuni inaweza kuisoma, na anayeshika simu yako vilevile. Zima ile ya kuonyesha maneno juu ya kioo kilichofungwa. Na yale ambayo hungetaka yasomwe na mtu aliyekusimamisha njiani, yaseme kwa mdomo.

Hatua ya 7: Siku ambayo mtandao haupo

Itakuja. SMS ya kwanza duniani ilitumwa tarehe 3 Desemba 1992, Uingereza, na mhandisi Neil Papworth. Ilikuwa salamu za heri ya Noeli. Miaka 19 baadaye, siku ile ile, tarehe 3 Desemba 2011, serikali yetu ilizima SMS nchi nzima kwa sababu ya mvutano wa uchaguzi, zikarudi karibu na mwisho wa mwezi. Viziwi waliumia sana, kwa sababu kwao hiyo ndiyo simu. Januari 2015 intaneti na SMS zilikatwa tena. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 hivyo hivyo, hadi karibu tarehe 20 Januari 2019. Na mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme, maji na intaneti vilikatika kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo mpango wetu umeandikwa ndani ya jalada la daftari: mtandao ukikatika, mkutano unabaki Jumapili ya pili ya mwezi, mahali pale pale, saa ile ile, bila ujumbe. Asiyeona usalama asitoke, na hatozwi faini. Namba muhimu tano kila mmoja ameziandika kwenye karatasi, kwa sababu simu isiyo na moto (chaji) haikuonyeshi namba ya mtu. Na moto wenyewe uutunze: punguza mwanga wa kioo, zima data, acha simu kwenye 2G pekee. Simu ndogo ya tochi katika hali hiyo itakaa siku kadhaa.

Ujumbe wa hatari una vitu vinne: hali yenu, mko wangapi, mnaelekea wapi, tarehe na saa. Salamu baadaye. Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipofunguka na anga kuwa nyekundu, nilijaribu kumpigia kaka yangu nisijue mara ngapi. Laini hazikupita. Tukiwa njiani, katikati ya magodoro na tshukudu (baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo) na watoto wanaolia, niliandika: "Tuko wazima, watu 5. Tunaenda Sake kwa miguu, barabara kubwa. Jumamosi 22/5 saa nne usiku." Ilimfikia saa kumi na moja alfajiri. Alitukuta Sake kabla ya adhuhuri, amebeba mikate na ile chaja niliyoiacha ukutani.